Mgongo Unaopinda Bila Kuonekana

Mtoto akifika miaka tisa au kumi, mama yake hamwogeshi tena. Anaoga peke yake, anafunga mlango akivaa, anajistiri kama alivyofundishwa. Ni malezi mema na sina neno la kuyapinga. Ila yana jambo moja ambalo wazazi wachache hulifikiria: kuanzia siku hizo hakuna mtu mzima anayeuona mgongo wake, na yeye mwenyewe hawezi kuuona. Uti wa mgongo ukianza kupinda, utapinda chini ya sare ya shule, chini ya sweta au buibui, na miaka unayopinda kwa kasi kuliko yote ni hiyohiyo, kati ya 10 na 14. Ndiyo maana katika nchi zetu za Afrika Mashariki watoto wengi humfikia daktari bingwa wa mifupa wakati nundu imekwisha kuonekana hata juu ya nguo.

Hali hiyo huitwa skoliosi. Uti wa mgongo wenye afya, ukiutazama kwa nyuma, umenyooka kutoka shingoni hadi kiunoni. Ukiutazama kwa ubavuni una mabonde na miinuko yake ya kawaida. Kwenye skoliosi mstari ule wa nyuma hufanya tao, mara nyingine kwa umbo la herufi C, mara nyingine S. Pamoja na kwenda kando, pingili huzunguka moja juu ya nyingine kama kanga inayokamuliwa maji, na mzunguko huo huziburuta mbavu. Za upande mmoja husukumwa nyuma zikatokeza, za upande wa pili huzama. Nundu anayoiona mzazi si uvimbe wala mfupa mpya ulioota. Ni mbavu zilezile alizozaliwa nazo mtoto, zimegeuzwa.

Kipimo kinachotumika duniani kote kilielezwa na John Cobb, daktari wa mifupa wa New York, mwaka 1948. Kwenye picha ya eksirei huchorwa mstari juu ya pingili iliyoinama zaidi mwanzo wa tao, na mwingine chini ya pingili iliyoinama zaidi mwisho wake, kisha hupimwa pembe iliyo kati ya mistari hiyo. Ikifika nyuzi 10 ndipo huitwa skoliosi. Chini ya hapo ni tofauti za kawaida za miili. Katika kila vijana 100, wawili au watatu wana tao linalofika kiwango hicho, na wengi wao hawatahitaji tiba yoyote maishani. Wenye tao la nyuzi 40 na zaidi ni kama mmoja katika 1000. Matao madogo huwapata wavulana na wasichana karibu sawa, lakini yakivuka nyuzi 30, wasichana ni kiasi cha mara saba hadi kumi ya wavulana. Kwa hiyo kazi ngumu ya daktari ni kubashiri tao la nani litaendelea kukua.

Kwa watoto wanane kati ya kumi wenye skoliosi, chanzo hakijulikani. Urithi una sehemu yake, na msichana ambaye mama au dada yake alipinda mgongo anastahili kutazamwa mapema. Yasiyokuwa chanzo yanajulikana vizuri zaidi, na lazima yasemwe wazi kwa sababu watoto wetu wanalaumiwa bure. Begi zito la shule huchosha mabega na kuumiza mgongo, lakini halileti skoliosi. Ndoo ya maji kichwani haileti skoliosi, wala kukaa ovyo kwenye dawati, wala kumbeba mdogo wake mgongoni. Binti anayeambiwa kila siku anyooshe mgongo, na hanyooki, hafanyi ukaidi. Pingili zake zimezunguka na hakuna bidii yake inayoweza kuzirudisha. Wala si laana ya ukoo, wala si jicho la jirani, na mama yake hakukosea chochote katika kumlea.

Sehemu iliyobaki ya skoliosi ina vyanzo vinavyojulikana. Wapo wanaozaliwa na pingili ambazo hazikutimia au zilizoungana. Kasoro hiyo hutokea katika wiki za mwanzo za mimba, wakati figo na moyo navyo vinaundwa, kwa hiyo mtoto wa aina hii apigwe ultrasaundi ya figo na ya moyo hata kama haonyeshi dalili yoyote. Wapo pia wenye mtindio wa ubongo, mgongo wazi au magonjwa ya misuli, ambao misuli yao haina nguvu ya kuushika uti. Kwao tao huanza mapema na linaweza kuendelea hata baada ya utu uzima kufika, na lengo la tiba ni mtoto aweze kukaa wima, kupumua na kula bila taabu.

Kisha kuna kibiongo cha kifua kikuu, yaani TB. Hapa nataka kutua, maana katika Afrika Mashariki kukichanganya na skoliosi kunaweza kumlemaza mtoto. Percivall Pott, mpasuaji wa London, alieleza mwaka 1779 mgongo unaopinda na miguu inayopooza. Leo tunajua kuwa ni vimelea vya TB vilivyohamia kwenye pingili. Pingili huliwa upande wa mbele, zikabonyea, na mgongo ukatokeza nyuma, katikati kabisa, kwa ncha kali. Nundu ya skoliosi hukaa upande mmoja. Skoliosi ya kawaida ya vijana haileti homa, haimkondeshi mtoto, haimtoi jasho usiku. Mtoto mwenye maumivu ya mgongo yasiyokoma, anayekataa kuinama kuokota kitu na badala yake anachuchumaa huku mgongo ameukaza, na hasa aliye na mtu anayekohoa nyumbani, apelekwe kupimwa TB wiki hiyohiyo. Dawa hutolewa bure katika vituo vya umma, na kwa TB ya mifupa ya watoto huchukua miezi 12. Kila wiki anayopelekwa kukandwa badala ya kutibiwa, ugonjwa husogelea ugwe wa mgongo, yaani ule mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani ya pingili, na miguu ikishapooza haina uhakika wa kurudi.

Kuitambua skoliosi nyumbani hakuhitaji mashine. Mtoto asimame wima, miguu pamoja, mgongo wazi. Kama ni binti mkubwa ajifunge kanga mbele, na mtazamaji awe mama, shangazi au bibi. Je, bega moja liko juu kuliko jingine? Mfupa bapa wa bega umetokeza upande mmoja? Mikono ikining'inia, nafasi iliyo kati ya mkono na kiuno ni sawa kulia na kushoto? Nyonga moja imepanda? Baada ya hapo ainame mbele taratibu, magoti yamenyooka, viganja vimekutana, mpaka mgongo ulale kama uso wa meza. Mtazamaji achuchumae nyuma yake, macho yawe usawa wa mgongo. Upande mmoja ukiinuka kuliko mwingine, hiyo ni dalili ya kumpeleka hospitali. Kipimo hiki kinabeba jina la William Adams, Mwingereza aliyekieleza mwaka 1865, na hata kliniki kubwa bado huanza nacho.

Kliniki huongeza kifaa kidogo cha jamii ya pimamaji, kinachowekwa juu ya mgongo ulioinama ili kusoma mwinuko wa mbavu. Mwinuko wa nyuzi 5 hadi 7 unatosha kumpeleka mtoto kwenye eksirei. Namba hiyo isichanganywe na pembe ya Cobb, ambayo kwa kawaida huwa kubwa zaidi. Simu janja yenye programu ya pimamaji inaweza kufanya kazi hiyohiyo, mradi ishikwe kwa vidole gumba viwili vinavyogusa mgongo kushoto na kulia, ili isikalie pingili zilizotokeza katikati.

Yuko mtu mwingine anayejua kabla ya mama, naye ni fundi cherehani. Gauni lililokatwa sawasawa linaning'inia upande mmoja, pindo huku linafunika goti na kule halifiki. Fundi huongeza kitambaa, akarekebisha, akakabidhi nguo. Laiti angesema neno moja tu kwa mzazi. Na somo wa pwani, anayemfunda binti aliyevunja ungo, ana nafasi na heshima ambayo muuguzi wa shule hana. Akijua cha kutazama, anaweza kuokoa mgongo wa mwari wake katika siku zilezile anazomfundisha mengine.

Skoliosi ya vijana kwa kawaida haiumi sana. Kwa hiyo kuna dalili ambazo zikionekana pamoja na tao hubadilisha hesabu yote: maumivu yanayomwamsha mtoto usiku, ganzi au udhaifu wa miguu, mkojo unaoanza kumtoka mtoto aliyekwisha kuuzuia, kishungi cha nywele au kishimo kisicho cha kawaida chini ya mgongo, madoa mengi ya rangi ya kahawa kwenye ngozi, tao la kifuani linaloelekea kushoto, au tao linalokua upesi kwa mtoto wa chini ya miaka 10. Mtoto wa namna hii anahitaji kipimo cha MRI ili kuona ndani ya ugwe wa mgongo, na hapaswi kupangiwa mkanda wa mgongo wala upasuaji kabla hakijafanyika.

Tukirudi kwa walio wengi, uamuzi wote husimama juu ya mambo mawili: tao lina nyuzi ngapi, na mtoto amebakiza ukuaji kiasi gani. La pili ndilo wazazi husahau. Msichana hurefuka kwa kasi zaidi katika miezi inayotangulia hedhi yake ya kwanza, kisha kasi hupungua, na miaka kama miwili baada ya kuvunja ungo huwa amekaribia kimo chake cha mwisho. Tao la nyuzi 25 kwa binti wa miaka 11 ambaye hajavunja ungo ni jambo la haraka. Tao hilohilo kwa dada yake wa miaka 16 huenda lisisogee tena. Kwenye eksirei daktari hutazama pia ukingo wa mfupa wa nyonga, ambako Joseph Risser alionyesha mwaka 1958 kuwa ukomavu wa mifupa unaweza kusomwa kwa ngazi, kuanzia 0 hadi 5. Mzazi ana haki ya kuuliza namba zote mbili na kuziandika. Aombe pia picha ipigwe kutoka nyuma. Wanawake wa Marekani waliofuatiliwa kwa skoliosi katika karne ya 20, wakipigwa eksirei nyingi kifuani, walikuja kufa kwa saratani ya matiti zaidi kuliko wengine. Picha inayopigwa kutoka nyuma hupunguza sana mionzi inayofika kwenye matiti, na mitambo ya sasa hutoa mionzi michache kuliko ya zamani.

Tao lisilofika nyuzi 20 au 25 hufuatiliwa tu, kwa kupimwa tena kila baada ya miezi minne hadi sita maadamu mtoto anarefuka. Kliniki hizi za marudio ndizo familia nyingi huziacha, kwa sababu nauli ni ghali na mtoto haumwi. Nawaelewa. Lakini anayeruka kliniki mbili mfululizo katika mwaka wa kurefuka anaweza kurudi akiwa amekwisha kuvuka kiwango ambacho mkanda ungemsaidia.

Kati ya nyuzi 25 na 40 hivi, kwa mtoto anayekua, tiba ni mkanda mgumu wa plastiki unaofinyangwa kwa vipimo vya kiwiliwili chake na kuvaliwa chini ya nguo. Kwa miaka mingi wataalamu walibishana kama mkanda unafanya kazi au unawatesa watoto bure. Utafiti ulioongozwa na Stuart Weinstein wa Chuo Kikuu cha Iowa, katika hospitali 25 za Marekani na Kanada, ulichapishwa mwaka 2013 na ukatoa jibu. Waliovaa mkanda, asilimia 72 walimaliza kukua bila kufika nyuzi 50; ambao hawakuvaa ni asilimia 48. Utafiti ulikatishwa kabla ya muda kwa sababu ilionekana si haki kuendelea kuwanyima wengine. Ndani ya mikanda kulikuwa na vihisi vya joto vilivyohesabu saa za kuvaa bila kumtegemea mtoto kusema kweli, na waliovaa kwa wastani wa saa 13 kwa siku au zaidi, tisa kati ya kumi walifanikiwa. Mzazi aambiwe na upande wa pili wa hesabu hiyo: karibu nusu ya wasiovaa nao hawakufika nyuzi 50. Hakuna anayeweza kumwambia binti huyu mmoja kwamba yuko katika nusu ipi. Mimi ningemvisha.

Kumvisha, hata hivyo, ni rahisi kwa anayeandika. Mkanda unabana mbavu, unaonekana chini ya blauzi, na katika joto la Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa pili ni mateso ya kweli. Fulana ya pamba isiyo na mshono ndani yake, kubadilishwa kila inapolowa jasho, kuufungua mkanda wakati wa michezo na kuoga, kuvaa saa nyingi zaidi jioni na usiku: hayo ndiyo yanayoamua kama mkanda utakuwa mwilini au uvunguni. Mkanda hauwezi kulinyoosha tao; kazi yake ni kulizuia lisikue mpaka mifupa ikomae, na mtoto akielezwa hivyo tangu mwanzo hatakata tamaa kioo kisipomwonyesha mabadiliko. Mtengenezaji wake ni mtaalamu wa viungo bandia na vifaa saidizi, na hapa Tanzania hatuna haja ya kuanza kutoka sifuri. Chuo cha TATCOT kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha wataalamu hawa tangu mwaka 1981, wakiwemo wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika.

Mazoezi maalumu ya mgongo, ya aina iliyoanzishwa na Katharina Schroth huko Ujerumani, mwanamke ambaye mwenyewe alikuwa na skoliosi, yanaweza kusaidia pamoja na mkanda. Yafanywe chini ya mtaalamu wa fiziotherapia aliyeyasomea. Kuogelea na mpira wa pete ni vizuri kwa afya lakini havinyooshi mgongo. Kukanda kunaweza kutuliza misuli iliyochoka na kukaishia hapo. Kuvuta na kuvunjavunja mgongo kwa nguvu, kama wanavyofanya baadhi ya wanaojiita mabingwa wa viungo, ni hatari tupu kwa mtoto ambaye bado hajajulikana kama ana TB.

Tao linapovuka nyuzi 45 au 50, upasuaji huwekwa mezani, kwa kuwa matao ya kifuani ya ukubwa huo huendelea kuongezeka kama uzi mmoja kila mwaka hata baada ya mtu kuacha kukua. Paul Harrington wa Houston, aliyekuwa akihangaika na watoto walioharibiwa na polio, ndiye aliyeleta fimbo za chuma za kuushikilia uti. Taarifa yake ya 1962 ilifungua mlango. Siku hizi skrubu huingizwa katika pingili zenyewe, fimbo mbili huunganishwa nazo, na pingili huachwa zigande kuwa mfupa mmoja. Mtoto husimama ndani ya siku chache na hurudi shule baada ya wiki kadhaa. Hofu kubwa ya wazazi ni kupooza. Kwa skoliosi ya kawaida ya vijana, penye vifaa vya kufuatilia mawasiliano ya fahamu wakati wa upasuaji, jeraha la namna hiyo hutokea kwa chini ya mmoja katika 100. Kwa matao ya nyuzi 100 na zaidi hatari hupanda sana. Hospitali ya FOCOS huko Accra, iliyoanzishwa na mpasuaji Mghana Oheneba Boachie-Adjei, imejijengea jina kwa kuwapokea watoto wa namna hiyo kutoka sehemu nyingi za Afrika. Huwavisha pete ya chuma kichwani na kuuvuta mgongo polepole kwa uzani kwa wiki kadhaa kabla ya kisu. Naiheshimu kazi hiyo kwa moyo wote, na inaniuma kujua kwamba wengi wa watoto hao waliwahi kuwa na nyuzi 30.

Kwa watoto wa chini ya miaka 10 kuna hesabu nyingine tena. Mapafu bado yanajengwa, hivyo kuugandisha mgongo mapema ni kukifungia kifua kisikue. Kwa baadhi ya watoto wachanga plasta inayobadilishwa kila baada ya miezi michache, njia iliyoendelezwa na Min Mehta huko Uingereza, inaweza kulimaliza tao kabisa, ikianzwa kabla ya miaka miwili.

Na asiyetibiwa? Weinstein huyohuyo, na wenzake, walichapisha mwaka 2003 habari za watu waliofuatiliwa kwa miaka 50 bila tiba. Wengi walifanya kazi, walioa na kuolewa, wakaishi umri wa kawaida. Waliumwa mgongo zaidi ya wengine, na wenye matao makubwa ya kifuani, hasa ya kupita nyuzi 80, walipungukiwa pumzi. Familia zinazoficha binti kwa kuhofia ataachwa bila mume zijue kwamba wanawake wengi wenye skoliosi hushika mimba na kuzaa kama wengine. Hata mkimbiaji Usain Bolt ana skoliosi, na rekodi yake ya mita 100, sekunde 9.58, iliyowekwa Berlin mwaka 2009 haijavunjwa.

Linabaki suala la ukaguzi shuleni. Japani imekagua migongo ya wanafunzi tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Nchini Marekani, jopo la kitaifa la kinga lilishauri mwaka 2004 ukaguzi wa jumla usifanywe, likihofia watoto wengi kupigwa eksirei bure. Mwaka 2018, baada ya utafiti wa mikanda, likalegeza likasema ushahidi hautoshi kwa upande wowote. Vyama vya madaktari wa mifupa vya huko vinapendekeza wasichana wakaguliwe wakiwa na miaka 10 na 12, wavulana mara moja wakiwa na 13 au 14. Ubishi huo umejengwa juu ya nchi ambako mtoto ana daktari wa familia anayemwona kila mwaka. Wa kwetu wengi hawana, na kwangu hilo linaelemeza mizani upande wa kukagua.

Njia ya kuwafikia ipo tayari. Tanzania ilianza mwaka 2018 kuwachanja wasichana dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, na mwaka 2024 iliwafikia wenye miaka 9 hadi 14. Kenya ilianza mwaka 2019 na wenye miaka 10. Muuguzi mwanamke tayari anasimama mbele ya wasichana walewale, katika umri uleule ambao mgongo huanza kupinda. Kuinamisha mtoto nyuma ya pazia huchukua dakika moja. Lakini bila eksirei inayofikika na karakana ya mikanda ukaguzi utazaa hofu tu, hivyo haufai kutangazwa nchi nzima kwa siku moja. Uanzie wilaya zilizo karibu na karakana iliyopo, Moshi kwa mfano, ukiwa na wauguzi wa chanjo waliofundishwa, simu zenye pimamaji, na daftari la rufaa lenye jina la kila mtoto, kipimo chake, na tarehe aliyofika kwenye eksirei.